Nilienda Uingereza kuona daraja, nikarudi na jina la mjomba

Kabla sijaacha chuo, kitu pekee nilichokuwa nimebandika ukutani juu ya kitanda changu cha hosteli kilikuwa picha ya daraja. Wenzangu walikuwa na mabango ya Arsenal na wasanii wa Bongo. Mimi daraja. Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya ujenzi, na mwalimu wetu alikuwa ametugawia fotokopi moja chafu yenye daraja jeusi lililopinda kama nusu ya gurudumu la baiskeli. Chini yake palikuwa na mwaka: 1779. "Hili ndilo baba yao," alisema, akaendelea na somo.

Karo iliponishinda 2019 nilifunga mkoba, nikabandua hiyo picha taratibu isichanike, nikarudi zetu Mtongwe. Miaka minne baadaye nilisimama juu ya hilo daraja lenyewe. Watu wakiniuliza Uingereza kulikuwaje huwa nawajibu "kulikuwa baridi manze," halafu nabadilisha stori. Leo nitaisema yote.

Najua swali la kwanza ni nilifikaje, maana hata fare ya kwenda Nairobi huwa nahesabu mara mbili. Mamangu mdogo anaishi Telford tangu 2008. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia uji wao usio na sukari. Oktoba 2023 alikuwa anaolewa, na akasema harusi yake haiwezi kupita bila mtu hata mmoja wa kwao. Mama hana pasipoti na hataki kusikia habari za ndege. Nikaenda mimi.

Wiki moja baada ya harusi, nikiwa bado nakula pilau iliyobaki, nilimwonyesha mama mdogo ile fotokopi. Akacheka. "Hili? Hili liko hapa nyuma tu. Dakika kumi na gari."

Nusu peni, hata ukiwa mfalme

Ironbridge ni mji mdogo sana. Ukiutazama kutoka ng'ambo, unaona nyumba za matofali zimepandana mlimani kama zinaogopa kuanguka mtoni. Chini unapita Severn, mto mrefu kuliko yote Uingereza. Siku ile mvua kubwa ilikuwa imetoka kunyesha na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kando ya mto walikuwa wameweka vizuizi vya chuma kuzuia mafuriko. Huo mji haukuwepo kabla ya daraja. Daraja lilikuja kwanza, watu wakajenga pembeni, na mji ukachukua jina la daraja.

Kwa nini chuma, na kwa nini hapo? Jibu liko bonde la jirani, kijiji cha Coalbrookdale. Hapo 1709 Abraham Darby wa kwanza alifaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili yatoe uchafu wake. Kabla ya hapo chuma kilihitaji makaa ya miti, na misitu ilikuwa ghali. Chuma kikawa rahisi, kikawa kingi. Mjukuu wake, Abraham Darby wa tatu, ndiye aliyelijenga daraja.

Huyo mjukuu alikuwa na miaka 29 daraja liliposimama. Ishirini na tisa! Mchoro ulitoka kwa Thomas Pritchard, aliyefariki 1777 kabla hajaliona likiinuka. Kijana akabaki na kazi. Lilimeza zaidi ya tani 370 za chuma, na upinde wake unaruka mita 30 hivi bila nguzo ya katikati. Mtu hangeweza kwenda kuuliza lingine lilijengwaje, kwa sababu lingine la namna hiyo halikuwepo. Kwa hiyo walilifunga vile walivyojua kufunga mbao. Ukilala chali chini yake, kama nilivyolala mimi mama mdogo akaona haya kunijua, unaona kila kitu: ulimi wa chuma umeingia kwenye tundu la chuma kingine, kisha kabari. Ni kazi ya seremala, ila seremala huyo alikuwa anatumia vipande vizito kuliko matatu.

Darby alilipia ujasiri wake. Gharama zilipita makadirio, madeni yakamwandama mpaka kaburini, na hakufikisha hata miaka arobaini. Nilipolisikia hilo, mimi niliyeshindwa na karo ya mihula miwili, nilijihisi nina mwenzangu.

Daraja lilifunguliwa siku ya kwanza ya mwaka 1781, na kulivuka ni kulipa. Ubao wa bei uko mpaka leo kwenye kibanda cha mtoza ushuru. Farasi ana bei yake, nguruwe ana yake, kondoo ana yake. Mtu wa miguu ni nusu peni. Chini kabisa wameandika kwamba daraja ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo mwanajeshi awe kazini au asiwe analipa, na familia ya kifalme pia inalipa. Nilipenda hiyo sana. Hakuna mheshimiwa wala king'ora.

Tulimkuta hapo mzee mmoja na mbwa wake. Mzaliwa wa Jackfield, kijiji cha ng'ambo chini kidogo, umri themanini na kitu, anaongea Kiingereza cha kumeza maneno mpaka mama mdogo akawa mkalimani. Alisema akiwa mtoto mamake alikuwa anampa nusu peni mkononi na kumfunga ngumi kwa nguvu isije ikadondoka. Ushuru wa watembea kwa miguu uliendelea mpaka 1950. Magari yalikuwa yamekatazwa tangu 1934. Waliokosa hiyo nusu peni, alisema, walijua njia nyingine: kimtumbwi cha mviringo kama ungo, cha mtu mmoja, unavuka gizani kimya. Watu wa Likoni wanaoingia ng'ambo na mtumbwi feri ikikwama, mnaelewa.

Kisha akatuambia habari ya 1952. Kijiji chao kilianza kutelemka. Ardhi ya Jackfield ni udongo wa mfinyanzi, ndiyo maana kilikuwa kijiji cha vigae na matofali, na udongo huohuo ndio uliowaponza. "Milango ilianza kukataa kufunga," alisema. "Baba akairanda. Wiki iliyofuata ikakataa tena." Mpaka mlima ulipotulia, nyumba 27 zilikuwa zimeharibika. Aliyasema haya huku akimkuna mbwa masikio, kama mtu anayesimulia mechi ya zamani.

Halafu akatuuliza: "Mmeona madaraja mengine? Hili ni la wageni. Nendeni mkaone letu."

Daraja lao

Wasee, kama kuna kitu nilijifunza safari ile ni hiki: ukitaka kujua mahali, usiishie kwenye daraja lililo kwenye kadi za posta.

Hilo bonde lina madaraja kama familia ilivyo na watoto. Mafuriko ya 1795 yalibomoa au kuharibu madaraja ya mawe juu na chini ya Severn, lile la chuma likabaki limesimama vilevile. Hapo ndipo watu walipoamini chuma. Kijiji cha Buildwas, juu kidogo, kilipoteza daraja lake la mawe. Thomas Telford akawajengea la chuma 1796, refu kuliko la Darby na lenye nusu tu ya uzito. Telford alikuwa mtoto wa mchunga kondoo. Hakukanyaga chuo chochote, alianza kazi kama fundi mwanafunzi wa kuchonga mawe. Baadaye akawa rais wa kwanza wa chama cha wahandisi wa Uingereza, na mji anaoishi mama mdogo umepewa jina lake. Nimeiandika hiyo kwenye karatasi na kuibandika pale ilipokuwa fotokopi. Wazazi msinitukane. Sisemi watoto waache shule.

Jackfield nao walichoka kulipa. 1909 wakapata daraja la zege la kupita bure, na watu wakaliita hivyohivyo, Daraja la Bure. Lilizeeka, na 1994 likawekwa jingine la kisasa la nyaya.

1994. Mama mdogo aliusoma huo mwaka, akanyamaza. Nilidhani ni baridi.

Tulishuka na mto mpaka Coalport, kijiji kilichokuwa kinatengeneza vyombo vya udongo mweupe, vikombe vile vya kabatini ambavyo mgeni tu ndiye anavinywea. Kiwanda kilikuwa upande wa kaskazini. Wafanyakazi wengi walikuwa wanaishi upande wa kusini, Jackfield na Broseley. Kila asubuhi wanavuka kwa feri, kila jioni wanarudi kwa feri. Ukiwa mtu wa Mtongwe hauhitaji mkalimani hapo.

Usiku mmoja wa Oktoba 1799, baada ya kazi, feri iliwabeba ikiwa imejaa, ikapinduka. Watu 28 walizama.

Tafadhali angalieni huo mwaka. Daraja la Chuma lilikuwa na miaka 20. Dunia ilikuwa inakuja kulishangaa, wasanii wanalichora, na kilomita chache tu chini yake wafanyakazi wa vikombe wanazama wakirudi nyumbani. Madaraja yalikuwepo mtoni. Hayakuwepo mahali wao walipokuwa wanavukia.

Feri iliendelea. Unafanyaje, na kazi iko ng'ambo? Iliendelea miaka zaidi ya mia, mpaka vijiji hivyo viwili vilipozika, au viliposhindwa kuzika, vijana wao wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijiji vingi vya Uingereza vilisimamisha msalaba wa jiwe. Coalport na Jackfield wakasema sisi tunataka daraja. Daraja la miguu, la kuvuka bure, kwa ajili ya wale wasiorudi. Likafunguliwa 1922, karibu na pale feri ilipokuwa inavukia. Kutoka ile ajali mpaka hilo daraja ni miaka 123.

Si daraja la kupigia selfi. Ni jembamba, watu wawili wakikutana mmoja anageuza bega. Upande wa Jackfield kuna baa inaitwa The Boat Inn, na kwenye mlango wake wameandika maji yalifika wapi mwaka gani. Kuna alama inayonifika juu ya kichwa. Na kwenye daraja kuna bamba la majina, jina chini ya jina, watoto wa vijiji viwili vidogo.

Nilianza kuvuka. Katikati nikageuka nimwambie mama mdogo anipige picha. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama pale mwanzo, mkono kwenye bamba, anayasoma hayo majina moja moja kama anatafuta mtu.

Asubuhi ya Mtongwe

Lazima niwaambie kitu kuhusu sisi. Nina majina matatu kwenye kitambulisho. La pili nyumbani halitajwi. Nilijua ni la mjomba, kaka yao mama, na nilijua alikufa kwenye feri. Basi. Ukiuliza unaambiwa "kula chakula." Nimekua Mtongwe, nimecheza mpira hatua chache kutoka kivukoni, na sijawahi kumsikia mamangu akisema neno zima kuhusu tarehe 29 Aprili 1994. Asubuhi hiyo feri iliyokuwa inawapeleka watu kazini kisiwani ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 wakafa. Mimi namba hiyo niliipata kwenye intaneti nikiwa kidato cha pili. Niliisoma cyber, nikalipa shilingi kumi, nikaenda nyumbani nikala chakula.

Nilirudi pale mama mdogo alipokuwa. "Mama mdogo, vipi?"

"Alikuwa na miaka 19," akasema. Hakuniangalia. "Ameacha shule kidato cha tatu, karo. Anafanya kibarua bandarini. Kila asubuhi anapanda feri ya kwanza."

Nikanyamaza.

"Siku ile hakupanda ya kwanza."

Mto ulikuwa unapiga kelele. Nilimsogelea ili nisikie.

"Mkanda wa ndara yangu ulikuwa umekatika. Nilikuwa na miaka kumi. Nikamlilia anishonee, sitaki kwenda shule miguu mitupu wanicheke. Akasema nitachelewa. Nikalia zaidi. Akakaa kizingitini, akachukua waya, akanishonea. Akaniambia, haya mama, hata ukicheza mpira haikatiki. Akatoka mbio."

Alitoa mkono kwenye lile bamba, akauingiza mfukoni.

"Ile ndara sikuivaa tena. Sijamwambia mtu. Hata mamako. Mwanangu, ni miaka 29."

Sikujua la kusema. Mimi ni blogu, maneno ndiyo kazi yangu, na yote yalikuwa yameisha. Nilichofanya ni kumshika mkono kama unavyomvusha mtu mzima barabara, tukavuka. Taratibu, mbao zinalia chini ya viatu. Upande wa pili alisimama, akaangalia tulikotoka, akasema, "Kumbe ni karibu hivi."

Ndiyo. Ni karibu. Ndicho kinachouma.

Nilichorudi nacho

Siandiki haya niseme Wazungu wana utu kuliko sisi. Hapana. Wale 28 walisubiri daraja miaka 123, na lilipokuja lilijengwa kwa ajili ya wafu wengine. Nchi hiyohiyo ilikuwa inajenga reli na bandari kwetu kwa ajili ya mizigo, na watu wa miguu wakajipanga. Kuchelewa kumfikiria mtu wa miguu hakuna kabila.

Ila kuna kitu kimoja wanacho vile vijiji ambacho mimi nilikuwa sina. Wanasema. Yule mzee na mbwa wake alituambia habari za mlango uliokataa kufunga kama vile ni jana. Baa imeandika mafuriko mlangoni, na daraja limeandika majina. Mtoto wa Jackfield akiuliza, jibu analivuka kila siku akienda dukani. Mimi mtoto wa Mtongwe niliuliza nikaambiwa kula chakula. Nikaenda kusoma namba ya watu wangu cyber.

Nilirudi Novemba. Likoni foleni ilikuwa ileile, feri ileile, jua lile la kukuchoma utosini. Mwenye gari siku hizi anazunguka Dongo Kundu. Wakati wa korona waliweka daraja la kuelea pale Liwatoni, likatuonjesha kuvuka kwa miguu yetu wenyewe. La kudumu la Likoni bado tunalisikia midomoni. Nilisimama kwenye feri, ukingoni, mahali ambapo mama alinikataza kusimama tangu utotoni bila kuniambia kwa nini.

Mama mdogo alikuwa amenipa ruhusa, na kazi. "Mwambie wewe. Mimi kwa simu siwezi."

Nilikaa wiki mbili nikiogopa. Halafu jioni moja mama anachambua mchele, nikakaa chini karibu na ungo na nikamwambia. Daraja, bamba, ndara, waya. Mikono yake iliendelea kuchambua muda mrefu, hata pale ambapo hapakuwa na jiwe tena la kutoa.

"Ndara," akasema mwishowe. "Mimi nilidhani ni mimi."

Kumbe yeye alikuwa amemwamsha asubuhi ile akiwa amechelewa, kwa sababu alimwonea huruma, alikuwa amelala vizuri. Dada wawili, kila mmoja amebeba kosa lake peke yake, kila mmoja anamficha mwenzake, miaka 29. Mmoja Mtongwe, mwingine Telford. Na feri yenyewe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, hakuna aliyeilaumu humo ndani mwetu.

Nilimpigia mama mdogo kwa video. Nikaweka simu juu ya ungo, nikatoka nje. Niliwaacha saa mbili. Niliwasikia wakilia, halafu, wallahi, nikawasikia wakicheka.

Kama kwenu kuna jina halitajwi, uliza. Uliza jikoni, mkono ukiwa na kazi, usiulize sebuleni kama polisi. Na ukijibiwa, andika. Hata mlangoni.

Mimi bado sina diploma. Ile fotokopi nimeilaza ndani ya daftari, na kwenye ukurasa unaoitazama nimeandika jina la mjomba na tarehe. Sijawahi kuliona limeandikwa mahali zaidi ya kitambulisho changu.

Jumamosi iliyopita mama alinipigia kelele kutoka jikoni niende dukani nikamnunulie nazi mbili. Aliniita kwa jina la pili. Alipolisema akasimama kidogo, kama mtu aliyekanyaga ubao asioujua. Halafu akaita tena, kwa sauti.

Nikaitika.